Mwanamke wa Fungurume na Dawa Yangu

Kama umetoka kituoni leo na kadi mpya mkononi, na unatafuta mtu wa kukuambia kwamba moyo wako utatulia upesi, tafuta mwingine. Mimi nawaandikia wenye hasira. Namwandikia hasa mwanamke aliyekaa nyumbani, akafua, akapika, akasali, kisha akaletewa ugonjwa na mume wake wa ndoa. Dada yangu, nakujua. Hukuuliza kwanza "Nitapona?" Uliuliza "Ni nani huyo?" Mimi pia niliuliza hivyo, na swali hilo nusura linizike.

Hapa Kolwezi wananiita Mama Kalonji, kwa jina la mtoto wetu wa kwanza. Wazee wetu, wangu na wa mume wangu, waliletwa kutoka Kasai kufanya kazi ya mgodi, na sisi tukazaliwa hapa hapa kwenye vumbi jekundu. Kwa miaka kumi na mmoja nilifundisha wasichana katika kanisa letu. Somo langu lilijulikana: Mithali, sura ya tano mpaka ya saba. Yule mwanamke mgeni, midomo yake ya asali, kona yake ya barabarani, na uchungu unaokuja mwishoni. Niliwaambia wasichana kwamba hakuna anayeweka makaa kifuani nguo yake isiungue. Nilikuwa hodari kweli. Nilimwigiza yule mwanamke nikitembea huku kitenge kikicheza, wasichana wakacheka mpaka mchungaji akachungulia dirishani. Mume wangu, Tata Kalonji, alikuwa akiketi nyuma akinisubiri twende nyumbani, na "amina" yake ilishinda za wote.

Niseme na hili mapema: mimi ni mwenye wivu tangu utoto. Shangazi wa mume wangu aliwahi kumletea soksi kutoka Lubumbashi, nikakaa wiki nzima nimenuna, eti kwa nini azivae kila siku. Alipokuwa akifanya kazi Kingamyambo, karibu na nyumbani, wivu wangu ulikuwa na usingizi, kwa sababu kila jioni nilimwona akila bukari yangu, ugali wetu wa huku. Kisha akapata kazi ya kuendesha magari makubwa ya mgodi kule Fungurume. Wiki mbili kule, wiki moja nyumbani. Nilimfungia sanduku, nikaweka Biblia juu ya mashati, na ndani yake nikaweka uzi mwekundu kwenye Mithali. Huo ndio ulikuwa ulinzi wangu wote.

Ugonjwa ulianza kiangazi, wakati asubuhi ni baridi na mchana ni vumbi. Kwanza kilikuja kikohozi, nikasingizia malori yanayotoka mgodi wa Mashamba. Vikafuata vidonda vya mdomoni, nikasingizia pilipili. Halafu malengelenge yakaota ubavuni, mstari mmoja kutoka mgongoni mpaka chini ya titi la kushoto, yakiwaka hata shuka ikigusa tu. Hapo sikuwa na cha kusingizia. Mimi nilikuwa mwanamke wa kujaza mlango. Sasa sketi zilianza kunizunguka kiunoni: asubuhi zipu iko nyuma, saa sita iko mbele. Nywele zikabaki kwenye kitana.

Mama mkwe wangu akapanda gari kutoka Mbuji-Mayi akaja. Tunamwita Mamu. Alinitazama nikiwa nimelala, akatazamana na wazee wawili wa ukoo wa mume waliokuja naye sebuleni, na macho yao yakaelewana juu ya kichwa changu.

Kwetu Waluba wa Kasai kuna sheria ya zamani inayoitwa chibau. Mke wa mtu akilala nje, ugonjwa unaingia nyumbani. Yeye mwenyewe, au mume, au mtoto, anaanza kukauka, na hakuna dawa itakayoshika mpaka mke atonde, yaani aungame mbele ya wazee wa mume. Lazima ataje tendo, na lazima ataje jina la yule mwanaume. Toba isiyo na jina haihesabiwi. Wakristo tunasema tumeshaiacha sheria hiyo, lakini ugonjwa ukibisha hodi tunaikumbuka kabla ya kumkumbuka daktari.

"Tonda tu, mwana," Mamu aliniambia kwa sauti ya upole, na upole wake ndio uliniumiza. "Muntu yote anaangukaka. Sema jina, tufanye yenye bankambo, bazee ba zamani, walifanyaka, upone."

"Mamu, miye sina jina ya kusema."

"Fikiri batoto. Batabakia na nani?"

Mume wangu alikuwa ameketi karibu na mlango, kofia yake ya kazi mapajani, akiipangusa vumbi ambalo halikuwepo. Nikadhani ni huzuni. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilikuwa namwonea huruma.

Wazee walinipa siku tatu za kufikiri. Siku ya pili nilishindwa kupanda ngazi mbili za mlango wetu, na Tata Kalonji akakata shauri kunipeleka hospitali. Tulikaa kwenye benchi kutoka asubuhi mpaka kivuli cha ukuta kikahamia upande wa pili. Nakumbuka mwanamke mmoja aliyenipa nusu ya chungwa lake bila kuniuliza jina. Nilishindwa kulila kwa sababu ya vidonda, nikalishika tu mkononi, na ubaridi wake ulinifaa. Walichukua makohozi, walichukua damu, siku iliyofuata wakatuita wote wawili.

Muuguzi aliyetupokea anaitwa Mama Alfonsine, mwanamke mnene asiyezunguka maneno. Alisema nina kifua kikuu, na chini yake kuna sida, yaani ukimwi. Alisema vyote viwili vina dawa. Akageuka kwa mume wangu.

"Na weye, Tata, tutakupima."

Alipimwa. Jibu lilipotoka hakulingoja lisomwe mpaka mwisho. Aliteleza kutoka kitini akaketi sakafuni, mwanaume mzima, akaniambia, "Mama Kalonji, njo miye," yaani ndiye yeye aliyeuleta.

Sikulia. Nilijisikia mkavu. Lakini tulipofika nyumbani nilifanya jambo ambalo mwanamke wa kwetu hafanyi. Nilimwambia Mamu awaite tena wale wazee, kwa kuwa nyumba hii ina mtu wa kutonda. Mamu alifurahi mpaka akaanza kumtafuta kuku wa tambiko. Walipokaa, nikasema anayetonda ni mtoto wake.

"Mwanaume hana chibau," Mamu alisema. "Ile ni ya banamuke."

"Sawa, Mamu. Lakini ugonjwa haikuuliza nani mwanaume."

Wazee walitazama chini. Mume wangu akasimama, akaungama. "Nilienda inje. Kule Fungurume. Nilianguka."

"Na nani?" nikauliza.

"Mama Kalonji, jina itakusaidia nini?"

"Toba bila jina haihesabiwe. Ni sheria yenu."

Kisha akasema, "Anaitwa Ntumba. Anachomaka nyama ya mbuzi, kule makamio yanasimamaka." Kwetu malori ni makamio.

Mamu alijifunika kichwa kwa kitenge chake, akatoka. Nilidhani amekwenda kufunga mizigo. Alirudi na beseni la maji ya vuguvugu, akanifunua ubavu, akaanza kuniosha vidonda polepole kwa kitambaa cha pamba. Aliniosha hivyo kila asubuhi mpaka siku aliyorudi Mbuji-Mayi. Hakuniomba msamaha hata mara moja, na mimi sikuudai.

Kosa langu lilikuwa lile jina. Ningeweza kuishia kwenye "nilianguka", lakini nililitaka kwa nguvu, kwa sheria ile ile iliyotaka kunitia kitanzi, nikalipata. Kabla ya hapo nilikuwa na mume mkosaji. Baada ya hapo nilikuwa na Ntumba. Nilimtengeneza mwenyewe kichwani: nikampa nyonga, nikampa kitenge kipya, nikampa kicheko. Kila nilipokohoa, yeye alicheka. Mume wangu akisafiri kurudi kazini, nilihesabu magari yanayosimama pale Fungurume na kuona moshi wa nyama. Aliapa kwamba mambo yale yameisha. Kuapa ni rahisi.

Mvua zilipoanza nilikuwa kwenye dawa za kifua kikuu, zile zinazogeuza mkojo kuwa rangi ya mafuta ya mawese. Mara ya kwanza nilipiga yowe msalani, binti yangu Ngalula akaja mbio, tukacheka mimi na yeye mpaka nikakohoa. Baada ya wiki chache wakaniongezea kile kidonge cha sida, kimoja kila siku, maisha yote; mume wangu naye akapewa chake. Mama Alfonsine alinishika mkono aliponipa kopo la kwanza. "Ukikunywa, utazeeka. Ukiacha, utakufa. Hakuna ya katikati." Uyoga ulipojaa sokoni nilianza kula. Maembe yalipoiva nilimaliza bakuli zima la supu. Mvua za mwisho zilipokatika, dawa za kifua zikaisha, ikabaki ile moja tu, na sketi yangu ya kijani ikakaa kiunoni bila pini. Nilijitazama kwenye kioo nikajipongeza.

Katika siku hizo za kungoja kwenye mabenchi nilizisoma tena zile sura zangu, nikaona kitu kilichonitia aibu. Zinaanza na "mwanangu". Baba anamwonya mtoto wa kiume. Yeye ndiye anayeambiwa apite mbali na mlango ule, yeye ndiye anayeambiwa atalia mwishoni mwili wake utakapokwisha. Miaka kumi na mmoja nilikuwa nawasomea wasichana barua iliyoandikiwa wavulana, na mvulana wangu alikuwa akiketi nyuma anasema amina.

Siku ya kuchukua dawa, mwanzoni mwa kiangazi cha pili, benchi lilikuwa limejaa. Mama Alfonsine alitokea mlangoni na kadi mkononi, akaita, "Ntumba!"

Wanawake wawili wakasimama. Jina hilo ni la kawaida kwetu Wakasai, sikushtuka sana.

"Hapana weye, Mama. Ntumba wa Fungurume."

Watu wengi huchukua dawa katika mji mwingine ili majirani wasiwaone. Mimi nililijua hilo, ila sikuwahi kuliunganisha na yeye. Aliyebaki amesimama alikuwa ameketi mbele yangu, mgongo kwa uso, kwa saa nzima. Nilikuwa nimeshautazama ule mgongo. Nilikuwa nimeshaitamani ile blauzi! Alikuwa mnene wa afya, shingo yake ina mikunjo miwili ya kupendeza, ngozi inang'aa kama ya mtu asiyejua hospitali iko wapi. Na mimi na sketi yangu ya kijani niliyojipongezea. Ugonjwa ule ule, kidonge kile kile, yeye kimemnenepesha, mimi kimenishonea ngozi kwenye mifupa. Hata dawa ilikuwa inampendelea.

Aligeuka kuchukua mkoba wake, macho yake yakaniangukia. Akafunika mdomo kwa mkono. Akarudi nyuma hatua mbili, akamkanyaga mzee mmoja mguu, kisha akatoka mbio hata kadi hakuichukua. Mama Alfonsine alimwita mara mbili.

Nikajua ananijua. Na kama ananijua, basi mume wangu alimwonyesha picha yangu. Niliwaona wawili hao wameinamia simu, wakinicheka jinsi nilivyokuwa mnene. Hakuna aliyeniambia hivyo. Nilijiambia mwenyewe, na niliyaamini maneno yangu kuliko Injili.

Nilipofika nyumbani nikalitazama kopo langu la dawa, nikaona kopo lake. Tulikuwa tumechangia mume, sasa tunachangia na kidonge. Tutakwenda hivyo, mimi na yeye, benchi moja, siku moja, mpaka kaburini, kama wake wenza wa serikali. Nikasema, mimi si mke mwenza wa mtu.

Nikamwendea Mama Alfonsine nikamdanganya kwamba nahamia Likasi kwa dada yangu. Aliniandikia karatasi ya uhamisho, akanitakia heri. Karatasi niliichana sokoni. Likasi sikwenda. Kuanzia hapo, kila siku ya dawa nilivaa vizuri, nikatoka na mkoba, mume wangu na binti yangu wakaamini nimekwenda kituoni. Kumbe nilikuwa nikikaa kwa wauza samaki nikitazama watu wakinunua tomson, wale samaki wa barafu, mpaka saa sita, nikarudi. Kopo lilipoisha nikalijaza punje za mahindi. Tata Kalonji akiwa nyumbani alikuwa akilichukua juu ya kabati na kulitikisa sikioni.

"Umekunywa?"

"Nimekunywa."

Lililia vizuri kabisa. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi methali hiyo niliwahi kuwafundisha wasichana.

Sitaki ufikiri sikujua ninachofanya. Nilijua. Maneno ya Mama Alfonsine nilikuwa nayo masikioni. Lakini wivu una ujinga wake: nilikuwa natamani nife, yule mwanamke asikie, akose hamu ya kula. Watoto wangu watatu sikuwaweka kwenye hesabu hiyo.

Mwishoni mwa kiangazi, miti inapoanza kutoa majani mapya mekundu kabla ya mvua, kikohozi kilirudi. Safari hii hakikuja peke yake. Tumbo liliendesha wiki mbili, macho yakawa na ukungu, na sketi ya kijani ilidondoka mpaka miguuni nikiwa nimesimama jikoni. Nilianguka pale pale karibu na mbabula, jiko letu la makaa, mkono ukagusa moto. Alama ipo mpaka sasa.

Mume wangu alikuwa nyumbani. Alinibeba mpaka kitandani, akakimbilia kopo langu, akamimina kidonge kwenye kiganja anipe. Zikatoka punje tatu za mahindi. Alizitazama kwa muda. Akamimina nyingine.

"Mama Kalonji," akasema, "umekuwa unakunywa mahindi?"

"Enda kwa Ntumba," nikamwambia. "Yeye anakunywaka ya kweli."

Hapo ndipo alipoelewa kwamba nimemwona. Sijawahi kumsikia akilia kwa sauti ile. Hakujitetea, hakuuliza wapi wala lini. Aliita wewa, ndivyo tunavyowaita wenye pikipiki za abiria, akaniweka katikati yake na dereva, akanifunga kwake kwa kitenge changu mwenyewe kama mama anavyombeba mtoto, tukaenda hivyo mpaka hospitali, miguu yangu ikiburuza.

Mama Alfonsine aliponiona alinitukana. Naandika neno lenyewe: alinitukana. Kisha akaketi kando ya kitanda akashika kidole changu kimoja, kwa kuwa mkono wa pili ulikuwa na sindano na huu ulikuwa na kidonda. Siku tatu hakuna aliyeniahidi kitu. Siku ya nne niliomba chai.

Nilirudi nyumbani mvua zikiwa zimeshika. Nilianza upya kabisa: dawa za kifua, mkojo mwekundu, na kidonge cha aina nyingine kwa sababu cha kwanza nilikuwa nimekichezea. Miguu haikuweza kunifikisha benchini. Kituo kilikuwa na utaratibu: wagonjwa waliokwisha kuimarika wanawapelekea walio dhaifu dawa za wiki, na kuwatazama wakimeza za siku hiyo. Mama Alfonsine aliniambia atanichagulia mwanamke mmoja mpole, anayejua kazi. Hakujua habari zetu. Nilikuwa sijamwambia.

Siku ya mwanamke huyo kuja, mume wangu alikuwa Fungurume na watoto walikuwa shuleni. Mvua ilikuwa inanyesha. Nilikuwa kwenye kiti cha sebuleni, blanketi magotini. Nikasikia hodi, nikajibu karibu. Akaingia mtu amejifunika nailoni kichwani, akaivua, akakung'uta maji mlangoni, akainua uso. Ile shingo ya mikunjo miwili.

"Toka," nikasema.

"Nitatoka, Mama. Lakini umeze kwanza. Njo kazi yenye nilikuyia."

"Ulijua unakuya kwa nani?"

"Nilijua. Mama Alfonsine alinipa jina. Nilikataa mara mbili. Kisha nikasema, hapana, niende."

Laiti ningekuwa na nguvu ningemrushia kiti. Nilikuwa na ulimi tu. "Ile siku ulifunika kinywa, ukakimbia. Ulikwenda kunichekea wapi?"

Alinitazama kama mtu asiyeelewa. Akaketi bila kukaribishwa, pembeni kabisa ya kochi, nailoni ikidondosha maji kwenye mkeka wangu.

"Kucheka? Mama, miye nilikimbia juu nilijua ulikufaka."

Nikalivuta blanketi mpaka kifuani.

"Alinionyesha foto yako mu telefone yake. Umevaa kitenge ya bluu, na kilemba. Akalia. Akasema, huyu ni bibi yangu, malaria ilimukamata, sasa ni myaka mbili. Miye niko muntu ya kanisa, Mama. Bwana ya muntu sikamatake, hata kama naonekana ya kuuza nyama barabarani. Akaniambia yeye ni mujane, atakuya kuona bazazi bangu. Nikangojea. Ile siku kwa benchi nilipokuona, nikasema, mufu amekuya kunikamata. Nilienda kulala kwa dada yangu, hapa Kolwezi, siku mbili sikule, na mpaka leo nakaa kwake."

Nilitaka kumwambia mwongo. Lakini kitenge cha bluu ninacho, na picha hiyo nilipigwa kwenye arusi ya mpwa wangu. Nikafumba macho. Alipotonda mbele ya mama yake, mume wangu alitaja tendo, akataja jina, akataja mpaka nyama ya mbuzi. Kwamba aliniua kwa mdomo, hakutaja.

"Na miye nilikuwa nakuonea wivu," Ntumba akasema polepole.

"Wivu ya nini? Ya mufu?"

"Njo ile mubaya kupita yote. Muzima unaweza kumushinda. Mufu utamushinda na nini? Nikipika majani ya sombe, anasema marehemu alitiaka karanga mwishoni, hakutiaka mwanzo. Nikipiga shati pasi, anasema marehemu alianziaka kwa kola. Siku moja nilimumwangia sahani inje. Nikamwambia, enda kwa makaburi, akupikie! Akasema hakuna mwanamuke mu hii dunia atapika kama weye."

Mvua ilizidi kupiga mabati. Miaka ishirini na miwili niliyompikia mwanaume yule, akimaliza kula alikuwa anafuta mikono na kusema "iko sawa". Basi. Karanga mwishoni! Kumbe aliziona. Maneno mazuri yote aliyokuwa nayo juu yangu alikwenda kuyasema Fungurume, mbele ya moshi wa mbuzi, kwa mwanamke mwingine, na aliyasema juu ya maiti. Nikamwonea wivu yule marehemu. Cheka ukitaka. Nilimwonea wivu marehemu aliyekuwa mimi, kwa sababu yeye alipendwa kwa sauti.

"Nipe maji," nikamwambia Ntumba.

Alinipa. Nikameza. Akaniomba nifungue kinywa aone, kama walivyomfundisha, nikafungua. Akaweka alama kwenye daftari lake, akajifunika nailoni, akatoka. Alikuja tena wiki iliyofuata, na iliyofuata, mpaka maembe yakaisha sokoni na mimi nikaweza kutembea hadi benchini kwa miguu yangu.

Usijidanganye kwamba sasa sisi ni dada. Hatutembeleani. Tukikutana kituoni ananisalimia "Mama Kalonji", namwitikia, na macho yangu bado yanateremka yenyewe kwenye nyonga zake. Wivu wangu haujapona. Biblia inasema husuda huozesha mifupa. Nilikuwa nafikiri ni maneno ya kupamba, mpaka nilipopandishwa kwenye mizani na kuona ilivyokwishakula. Ninachoweza kukuambia, wewe mwenye kadi mpya, ni hiki: kuwa na wivu, kama huwezi kuuacha, lakini meza dawa kwanza. Mezea hasira ukitaka. Kidonge hakiulizi unammezea nani. Na kama unao wavulana nyumbani, wasomee zile sura wao kwanza, mapema, kabla hawajapata kazi ya mbali. Kovu la ubavuni kwangu halitatoka, na kidonge hiki sitakiacha mpaka nife kweli. Moto aliuweka mtu mmoja kifuani, nguo zilizoungua zilikuwa za watu watatu.

Mume wangu sikumwambia mara moja kwamba Ntumba alikuwa amekaa kwenye kochi lake. Nilingoja nipate nguvu za kusimama jikoni. Siku moja ya posho, yaani Jumamosi, alikuwa anarudi kutoka Fungurume. Nikawatuma watoto kwa mwenzangu wa kanisa, nikatwanga mwenyewe sombe, yale majani ya muhogo, nikipumzika kila baada ya muda, nikaipika taratibu, nikatia karanga mwishoni. Nikasonga bukari. Nikakipiga pasi kitenge changu cha bluu, nikakivaa, nikafunga na kilemba.

Alifika, akavua viatu, akanawa, akaketi mezani. Harufu ilimfikia kabla ya sahani. Akainua kichwa, na kwa mara ya kwanza baada ya misimu mingi nikaona uso wake umefunguka.

"Sombe hii," akasema. "Nani amepika? Ngalula?"

Nikamwekea sahani mbele yake, nikaketi ng'ambo ya meza ili anione vizuri.

"Kula, Tata Kalonji," nikamwambia. "Marehemu wako njo amepika."